Hongo, Reli na Njia ya Kongwa: Barabara Iliyoachwa ni ya Nani?

Neno hongo siku hizi lina maana moja tu, nayo ni rushwa. Katika karne ya 19, msafiri aliyetoka Bagamoyo, akavuka nyika kame ya Marenga Mkali na kuingia Mvumi, alilifahamu kwa maana nyingine. Hongo ilikuwa ada ya njia. Misafara ililipa vitambaa, shanga na waya kwa watemi wa Ugogo, na kwa malipo hayo ikapata ruhusa ya kupita, maji ya visima na soko la nafaka. Henry Morton Stanley, aliyepita Mvumi mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliilalamikia sana ada hiyo. Malalamiko yake yenyewe ni ushahidi: mgeni mwenye bunduki alilazimika kuketi na kujadiliana na wenye maji.

Tusiupambe wakati huo. Njia ileile ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofanywa watumwa, na mtemi hakuwa diwani aliyepigiwa kura. Hata hivyo, ndani ya hongo kulikuwa na kanuni inayostahili kukumbukwa: anayeishi kando ya njia ana kauli juu ya njia. Historia ya Ugogo tangu hapo ni historia ya kupotea kwa kauli hiyo, na leo, tunapozungumzia uwezekano wa kugeuza njia za reli zilizoachwa kuwa njia za jamii za miguu na baiskeli, hatuna budi kuanza na kanuni hiyo.

Utawala wa Wajerumani uliivunja hongo, kisha ukaleta reli. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Reli haikupita Mvumi. Ilipita kaskazini yake, kwa Msagali, Igandu na Kikombo, na Dodoma ikawa mji huku kituo cha kale cha misafara kikibaki pembeni. Treni haikuhitaji kumwomba mtu maji wala ruhusa. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya pande mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, na mvua zilipokosekana ikafuata njaa ya 1918 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Wakati wa hongo msafara ulinunua nafaka ya Ugogo. Wakati wa vita nafaka hiyo ilichukuliwa tu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza wakaja na mradi wa karanga. Kongwa ikachaguliwa kuwa kitovu, na tawi la reli likajengwa kutoka Msagali ili kubeba mitambo na, kwa matumaini ya wakubwa wa London, mavuno. Mvua ikawa haba na ardhi ikakauka hadi kuwa ngumu kama saruji. Mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36, na tawi lile likapoteza kazi yake. Kusini, reli ya Nachingwea iliyozaliwa na mradi huohuo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hakuna mwanakijiji aliyeulizwa kama reli ijengwe, wala aliyeulizwa ardhi ile itumikeje baada ya treni kuondoka.

Mahali pengine duniani njia kama hizo zimepata maisha ya pili. Mwaka 1963, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, May Theilgaard Watts, mtaalamu wa mimea, aliandika barua kwenye gazeti la Chicago Tribune akipendekeza reli iliyokufa igeuzwe kuwa njia ya watembea kwa miguu. Wananchi wakajitolea, serikali za mitaa zikaingia mikataba, na njia iitwayo Illinois Prairie Path ikapatikana. Hispania nayo imekuwa ikiendesha mpango wa namna hiyo kitaifa tangu mwaka 1993.

Je, jambo hilo linawezekana kati ya Msagali na Kongwa, likiunganishwa na njia ya kale ya misafara hadi Mvumi? Mantiki ya kihistoria ipo. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia kuu ya biashara ya pembe na watumwa kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia, ikiitaja Mpwapwa na Kilimatinde miongoni mwa vituo vyake; Mvumi haikutajwa. Kongwa kwenyewe kuna urithi mwingine: kuanzia mwaka 1964 palikuwa na kambi za wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na wenzao. Mwanafunzi anayetembea njia hiyo angesoma karne nzima kwa miguu yake: msafara, reli, karanga, ukombozi.

Lakini neno "kujitolea" lina historia yake katika nchi hii, nayo si safi yote. Ukoloni ulilazimisha watu kufanya kazi na kuiita kazi ya jamii. Baada ya Uhuru wananchi walijenga shule, barabara na zahanati kwa hiari na kwa fahari. Kisha hiari ikaanza kufifia: Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971 ilihamisha watu wa Ugogo vijijini, na mwaka 1972 halmashauri zikavunjwa, zisirejeshwe hadi sheria za mwaka 1982. Mwananchi akabaki na jembe la kujitolea bila chombo chake cha kuamua.

Mvumi inalijua hilo vizuri. Mwaka 1986, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, mifugo iliondolewa katika eneo la Mvumi ili kuokoa ardhi iliyomomonyoka. Uoto ulirejea, na hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba kwa Mgogo ng'ombe ni benki, mahari na heshima, na amri ya kumwondoa ilitoka juu. Linganisha na kampeni ya Kisiki Hai ya miaka ya karibuni mkoani Dodoma: mkulima anachagua machipukizi ya kisiki kilichomo shambani mwake, anayapogoa na kuyalinda, na mti anaoukuza ni wake. Kote kuna mti, lakini mwenye uamuzi si yuleyule.

Basi masharti ya njia ya jamii yanajitokeza yenyewe. Kwanza, Shirika la Reli Tanzania na halmashauri za Mpwapwa, Kongwa na Chamwino zikubaliane kwa maandishi kuhusu hadhi ya ardhi hiyo kabla kijana yeyote hajashika fyekeo. Pili, uamuzi upite katika mikutano mikuu ya vijiji. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Tatu, mwenye shamba juu ya tuta la zamani asigeuzwe mvamizi kwa usiku mmoja, na ng'ombe wapewe mapito yao. Nne, kiingilio, ada ya waongozaji na kodi ya vibanda vigawanywe kwa kanuni inayojulikana, na sehemu kubwa ibaki vijijini.

Sharti hilo la nne ndilo hongo katika maana yake ya kale: mgeni analipa hadharani, mwenyeji anatoa maji na ulinzi, kila mmoja akijua alichopata. Likikosekana, wanakijiji watafyeka njia kwa jasho lao, wengine watakata tiketi, na kazi hiyo tutaiita ya kujitolea kwa sababu tu haikulipwa.

Tangu mwaka 2024 treni za kisasa zinafika Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa chache, na abiria wengi hawajui kwamba kusini mwao iko Mvumi. Kuwarejesha wageni huko ni jambo jema. Wakifika, wawakute wenyeji wakiwa na kauli juu ya njia yao, kama Stanley alivyowakuta.