Tunakutana nao msibani: historia fupi ya shabiki na mwigizaji wa televisheni

Leo naomba mnivumilie kidogo, maana nataka kuanzia mbali ndipo nifike kwenye jambo linalonisumbua.

Siku moja nilikuwa Kerege. Kwa msioijua, Kerege iko kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, ukishapita Bunju na Mapinga. Ndiko nilikokulia. Pale kituoni nikamwona mama mmoja amesimama kwenye kivuli cha kibanda cha vocha, mkoba begani, anasubiri daladala kama sisi wote. Sura nikaijua mara moja. Na wewe ungeijua, kama uliangalia tamthiliya za ITV miaka ile ya mwanzo ya 2000. Jina lake silitaji, kwa sababu hakuja pale kutafuta habari, alikuja kutafuta usafiri. Kwenye televisheni alikuwa mama wa kambo asiye na huruma hata chembe.

Kabla sijamfikia, dada anayeuza mihogo ya kukaanga akaniwahi. "Wewe mama! Si ndiye uliyekuwa unamnyima yule mtoto chakula?" Kituo kizima kikacheka. Mama naye akacheka, akasogea, akanunua mihogo ya shilingi elfu moja na pilipili juu yake, akasema, "Leo nimekuja kuomba msamaha, mwanangu." Mimi nikatoa shikamoo yangu, nikajitambulisha kuwa ni mwandishi wa habari, na kwamba nilipokuwa mdogo nilikuwa namwogopa kuliko mbwa wa jirani. Akaitikia marahaba, tukapanda gari moja mpaka Tegeta. Njiani akaniuliza swali moja ambalo mpaka leo sijalimaliza kulijibu. Nitalileta mwishoni.

Nilipofika nyumbani nikaanza kuwaza. Sisi Watanzania tunakutana wapi na waigizaji tunaowapenda? Na imekuwaje mpaka tukawa tunakutana nao hivyo?

Wenzetu Marekani walishajipangia siku nyingi. Tamthiliya ya Star Trek iliondolewa hewani mwaka 1969 kwa sababu iliambiwa haina watazamaji wa kutosha. Januari 1972 mashabiki wake wakaandaa mkutano katika hoteli ya Statler Hilton, New York. Walitegemea watu mia kadhaa. Wakaja zaidi ya 3,000. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1970, wapenzi wa katuni wa San Diego walikuwa wameanza mkutano wao na watu kama 300 hivi. Siku hizi mkutano huo unajaza watu zaidi ya laki moja kwa siku chache. Utaratibu wao, hasa kwenye mikutano ya waigizaji, ni rahisi: unanunua tiketi ya kuingia, unapanga foleni, unamlipa mwigizaji akuwekee sahihi, unalipa tena ukitaka picha naye. Ukisikia mara ya kwanza unaweza kusema hawa watu wanauza hata salamu. Lakini subiri kwanza usiwahukumu.

Huku kwetu umaarufu wa mwigizaji ulianza na sauti. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na michezo iliyowafanya watu waache kazi na kusogelea redio. Wazee wetu wote wanawakumbuka Pwagu na Pwaguzi, walaghai wawili ambao majina yao yametoka kwenye methali tunayoijua: pwagu hupata pwaguzi. Ungeweza kupanda basi moja na Pwagu mwenyewe kutoka Kariakoo mpaka Magomeni, mkabanana kiti kimoja, ukashuka bila kujua umekaa na nani. Mpaka afungue mdomo!

Julai 1993 redio hiyo hiyo ikaanza kurusha Twende na Wakati, mchezo uliofundisha uzazi wa mpango na kujikinga na ukimwi. Humo alikuwemo Mkwaju, dereva wa lori aliyekuwa na mwanamke kila kituo, akamsahau mkewe Tunu nyumbani, na mwisho ugonjwa ukamkuta. Watafiti waliufuatilia mchezo huo kwa karibu. Eneo la Dodoma liliachwa makusudi bila kurushiwa mchezo mpaka mwaka 1995, ili walinganishe waliousikia na wasiousikia. Wakaona kwamba waliousikia walibadilika kwa kiasi, katika uzazi wa mpango na hata katika idadi ya wapenzi. Fikiria uzito wa jambo hilo. Mtu ambaye hujawahi kumwona sura, kwa sauti tu, anakufanya ufikirie upya unavyoishi na mwenzio.

Sisi tuliokulia njia ya Bagamoyo tulikuwa na bahati moja ambayo wa Dar hawakuwa nayo. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilianza pale Bagamoyo, kikirithi kazi ya vikundi vya taifa: kile cha ngoma kilichoanzishwa 1964, cha sarakasi 1969 na cha maigizo 1974. Tangu miaka ya mwanzo ya themanini chuo hicho kimekuwa na tamasha lake la kila mwaka, na mwaka 2007 kikawa taasisi, ndiyo TaSUBa tunayoijua leo. Ukumbi wao mkubwa uliungua mwaka 2002, ukajengwa upya, lakini sanaa haikuungua.

Shangazi yangu alinipeleka tamasha nikiwa mdogo, tukatoka Kerege mchana na kurudi usiku tukiwa tumebanana kwenye Hiace. Ninachokumbuka zaidi hakikuwa jukwaani. Jamaa aliyekuwa ameigiza mfalme alishuka, akavua taji la karatasi ngumu, akaja kukaa kwenye mkeka karibu na sisi kuangalia ngoma ya wenzake. Shangazi akampa karanga. Mfalme akapokea kwa mikono miwili! Kwangu mimi, hicho ndicho kilichokuwa kitu cha karibu zaidi na ile mikutano ya Marekani: mwigizaji na shabiki mahali pamoja, siku inayojulikana, kiingilio kimelipwa mlangoni, na kila mtu yuko hai.

Kisha ikaja televisheni. Zanzibar walianza mapema, tangu 1973, tena ya rangi. Bara tulikaa miaka mingi tukiambiwa ni anasa. Sheria ya mwaka 1993 ikaruhusu vituo binafsi, na mwaka 1994 ITV ikaingia hewani. Ikaja michezo ya kundi la Mambo Hayo, likaja na Kaole Sanaa Group. Kwetu jina la Kaole lilikuwa na ladha ya pekee, maana Kaole ni jirani zetu, kule kwenye magofu ya misikiti ya kale karibu na Bagamoyo. Nilipokuwa mdogo niliamini kabisa kwamba Mzee Kipara na Bi Hindu wanaishi mle magofuni, na kwamba siku nikikosa adabu nitapelekwa kwao.

Mtaani kwetu televisheni ilikuwa moja, kwa mzee mmoja mwenye jenereta. Siku ya mchezo uani kwake kulijaa watoto chini, wanawake kwenye mikeka, wanaume wamesimama nyuma wakijifanya wanapita tu. Hapo ndipo sura zilipoungana na sauti, na matatizo ya waigizaji yakaanzia hapo. Aliyeigiza mwizi akaogopwa dukani. Aliyeigiza mchawi akakosa mpangaji mwenza. Watu wakawaita kwa majina ya kwenye mchezo, na majina waliyopewa na wazazi wao yakasahaulika. Kama unabisha, niambie haraka: Mzee Kipara aliitwa nani? Aliitwa Fundi Said, na alifariki Januari 2012. Mimi mwenyewe jina la Benson Wanjau wa Kenya nililijua Julai 2015 kwenye taarifa ya msiba. Kabla ya hapo nilimjua kama Mzee Ojwang wa Vitimbi, basi.

Kutoka Kaole wakapatikana nyota wa kizazi kipya: Vincent Kigosi tuliyemwita Ray, Blandina Chagula tuliyemwita Johari, na Steven Kanumba aliyejiunga na kundi hilo mwaka 2002. Walitoka kwenye televisheni wakaingia kwenye filamu za mkandani, halafu za CD na DVD, hizo tulizoziita Bongo Movie. Kanumba akavuka mipaka akacheza na Wanigeria. Sura yake ikawa kwenye kila kibanda cha kukodisha CD kuanzia Kerege mpaka Kigoma.

Sasa mniambie, kwa umaarufu wote huo, ni lini shabiki wa kawaida alipangiwa siku ya kukutana na Kanumba? Nimetafuta kwenye kumbukumbu yangu na siku kubwa ninayoiona ni moja tu. Aprili 10, 2012, viwanja vya Leaders Club, Kinondoni.

Alikuwa amefariki usiku wa kuamkia Aprili 7, akiwa na miaka 28. Nilikuwa kidato cha pili. Binamu zangu wawili waliondoka Kerege alfajiri, wamevaa nguo zao nzuri kuliko zote. Makumi ya maelfu ya watu walifika. Watu walipanda miti. Watu walizirai kwa joto, msongamano na uchungu. Binamu zangu hawakuliona hata jeneza. Walirudi usiku, mmoja amepoteza kiatu, na wote wawili walisema wamefurahi kwamba walikwenda. Neno walilolitumia ndilo hilo, kufurahi. Wakati ule nililiona neno la ajabu kwa mtu atokaye msibani. Sasa nalielewa. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yao ya kwanza na ya mwisho kuwa mahali pamoja na mtu waliyempenda.

Hapa ndipo ninapotaka kufika, wadau. Mkutano wetu mkubwa kuliko yote wa mashabiki na mwigizaji ulikuwa msiba. Na si huo tu. Alipofariki Mzee Small, Said Ngamba, mwaka 2014, tulijaa. Alipofariki King Majuto, Amri Athumani, Agosti 2018, tulijaa tena. Mwaka huo huo, Majuto akiwa mgonjwa, serikali iliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, kwa sababu ilionekana wazi kwamba sura iliyouza bidhaa za watu haikumnufaisha sana mwenye sura. Tunatoa rambirambi kwa moyo mmoja. Rambirambi hizo mwenyewe hazili.

Najua kuna atakayesema, hayo ya kulipia salamu ni mambo ya Wazungu, sisi mwigizaji ni ndugu yetu, tunamkuta kituoni na kumpa karanga. Ni kweli, na mimi sitaki tuipoteze karanga ile. Yule muuza mihogo wa Kerege alipata kitu ambacho Mmarekani mwenye tiketi yake hakipati: alimgombeza mwigizaji uso kwa uso, akaombwa na msamaha juu. Lakini undugu wetu umekuwa wa upande mmoja. Ndugu anakuchekesha miaka ishirini, wewe unamchangia siku ya kuzikwa. Yule wa New York, tamthiliya yake ikifa, yeye anaendelea kula kwa jasho lake la zamani mpaka uzeeni, kwa sababu mashabiki walikubali kwamba mapenzi yana bei na wakailipa akiwa hai.

Mambo yanabadilika, siwezi kukataa. Siku hizi kuna chaneli za kulipia zinazonunua tamthiliya zetu, Maisha Magic Bongo imekuwepo tangu 2015, Azam nao wana Sinema Zetu. Watoto wa leo wanawafuata waigizaji wao kwenye simu na kuwaita kwa majina yao halisi. Lakini wale wa kizazi cha uani kwa mzee mwenye jenereta bado wako kwenye vituo vya daladala wanasubiri gari.

Narudi kwenye lile swali. Tulipokuwa tunakaribia Tegeta, mama alinitazama akasema, "Mwanangu, umeniangalia tangu ukiwa mtoto. Umewahi hata siku moja kununua kazi yangu?"

Nilipiga hesabu. Televisheni ya jirani. CD za kukodi. Nyingine nilizonakiliwa bure na rafiki. Jibu lilikuwa hapana. Nikataka kumlipia nauli, akakataa, akanilipia yeye.

Sasa pale Bagamoyo tamasha linafanyika kila mwaka na ukumbi upo. Tunashindwa nini kutenga siku moja ya tamasha hilo, tukawaita waigizaji wote wa Mambo Hayo, wa Kaole na wa michezo ya redio waliobaki, tukalipa kiingilio, tukanunua picha zenye sahihi zao, tukawagombeza kwa maovu yote waliyoyafanya kwenye mchezo, na fedha ikaingia mfukoni mwao wenyewe? Mimi nitapanga foleni wa kwanza. Nina deni la nauli ya Kerege mpaka Tegeta.