Sam Ntiro
Sam Joseph Ntiro (1923–1993) alikuwa mchoraji, mwalimu na mwanadiplomasia wa Tanzania, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro. Alisomea sanaa katika Chuo cha Makerere, Uganda, chini ya mwalimu Margaret Trowell, kisha katika shule ya sanaa ya Slade, London. Baada ya uhuru wa 1961 aliiwakilisha Tanganyika nchini Uingereza kama balozi, ila jina lake limedumu zaidi kwa picha zake. Alichora Wachaga wakilima, wakivuna na kujenga kwa ushirika katikati ya migomba. Waliouona mtindo wake kuwa wa kitoto walikosea; wepesi ule aliuchagua mwenyewe. Mchoro wake wa 1956, wanaume wakimpelekea bibi harusi mbege (pombe ya ndizi) usiku, uliingia mwaka 1960 katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York.