Wakfu, Bima na Mchango: Rai Mintarafu ya Gharama za Tiba ya Saratani

Saratani si kama ajali au msiba, ambayo huja kwa kishindo cha siku moja na kudai malipo yake papo hapo. Yenyewe hudai kwa awamu, juma baada ya juma na mwezi baada ya mwezi, hata mwenye kulipa akaishiwa kabla maradhi hayajaishiwa nguvu. Ni kwa ajili ya tabia hiyo ya maradhi, wala si kwa ukavu wa nyoyo za watu, kwamba misaada tuliyozoea kupeana aghalabu haimfikishi mgonjwa mwisho wa tiba yake; na rai yangu ni kwamba katika mwambao wetu ipo njia ya kale, nayo ni wakfu, ambayo umbile lake laafikiana na umbile la gharama hizo, na ambayo yaweza kuziba pengo ambalo hata bima haikukusudiwa kuliziba.

Tutazame kwanza gharama zenyewe. Huko Tanzania, sera ya kuchangia gharama za matibabu iliyoanza mwaka 1993 iliacha mlango wa msamaha kwa wagonjwa wa saratani, na Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyopewa mamlaka yake mwaka 1996 katika majengo yaliyoanzia enzi ya Wajerumani, kwa miaka mingi imewatibu raia kwa fedha za serikali. Mtu aliye mbali na jambo hili angedhani kwamba hapo mas'ala yamekwisha. Lakini mwanamke wa kijijini Rukwa au Pemba mwenye saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo iwapatayo wanawake wa Tanzania kuliko saratani nyingine zote, akiandikiwa mionzi aghalabu hupangiwa siku 5 za kila juma kwa muda wa majuma 5 au 6. Na ingawa kila mara hulala chini ya mashine kwa dakika chache tu, dakika hizo humfunga Dar es Salaam muda wote huo, asijue atalala wapi akikosa kitanda wodini, wala atakula nini, wala nani atampalilia shamba, wala yule binti aliyefuatana naye kumuuguza amewaacha wanawe kwa nani. Mambo hayo hayamo katika fomu ya msamaha. Fauka ya hayo, kabla ya kufika huko amekwisha kupita zahanati, na hospitali ya wilaya, na ya mkoa, akilipia vipimo vya ugonjwa usiojulikana jina, ilhali msamaha hutolewa kwa ugonjwa wenye jina.

Bima ni tadbiri njema, nami si miongoni mwa wanaoibeza. Kenya, iliyokuwa na mfuko wa bima ya hospitali tangu mwaka 1966, iliugeuza mfumo wake Oktoba 2024, kila mwenye mshahara akakatwa asilimia 2.75, na mgonjwa wa saratani aliwekewa mwanzoni kikomo cha shilingi 400,000 kwa mwaka, na nyingine 150,000 kutoka mfuko wa maradhi sugu pindi hizo zikimalizika. Tanzania nayo ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Illa kikomo cha Kenya kilikuwa cha nyumba nzima, si cha mtu mmoja; na bima kwa asili yake huilipa hospitali, haimlipi kondakta wa basi wala mwenye chumba cha kupanga.

Hapo ndipo watu hukimbilia mchango. Wakenya wana harambee, na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 mtu aliye Maskati au London aweza kuituma sadaka yake kabla chai haijapoa. Sina neno na ihsani hiyo. Hata hivyo mchango uliundwa kwa harusi na maziko, yaani kwa shughuli yenye siku yake. Habari ya kwanza ya ugonjwa huleta fedha nyingi, ya pili huleta pole, na ya tatu watu hujitoa kimyakimya katika kundi la simu. Tena humfuata mwenye watu: aliyesoma na wengi, akafanya kazi na wengi, hupata, fukara asiye na jamaa mbali, ambaye ndiye mhitaji hasa, hachangiwi na mtu. Na humlazimu mgonjwa kuianika sitara yake, picha ya kidonda mkononi mwa kila ajuaye kufungua simu.

Wakfu hauendi hivyo. Asili ya mali huzuiliwa isiuzwe wala isirithiwe, na pato lake hutolewa daima, kama vile maradhi yanavyodai daima. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake Kairo mwaka 1284 aliiwekea wakfu wa kuiendesha, na wanatarikh husimulia kwamba mgonjwa aliyepona hakutoka mikono mitupu, bali alipewa fedha asije akalazimika kurudi kazini kabla nguvu hazijamrudia. Watu wa karne ile walikwisha kuona kwamba dawa peke yake haitoshi. Nasi huku tunazo nyumba, maduka na minazi ya wakfu, Unguja na Mombasa, pamoja na kamisheni zilizowekwa kuziangalia.

Nitaambiwa kwamba nyumba nyingi za wakfu hukodishwa kwa kodi ya zamani isiyotosha hata kupaka chokaa, na kwamba si kila mutawali, yaani msimamizi wa wakfu, ni mwaminifu. Ni kweli, na hoja hiyo yataka hesabu za wakfu zitangazwe kila mwaka; haitaki wakfu uachwe. Anayeweka wakfu mpya leo, hata kama ni nyumba moja ya vyumba vichache karibu na hospitali, aandike katika hati yake kwamba vyumba ni vya wanaosubiri mionzi na jamaa wanaowauguza. Kwamba kodi ya duka la chini ilipie nauli na chakula chao. Kwamba anayestahili athibitishwe na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye tayari ndiye apimaye nani asamehewe. Kwamba dini ya mgonjwa isiulizwe, maana fikihi haikatazi kumnufaisha asiye Mwislamu. Na kwamba asipigwe picha. Sharti hilo la mwisho naona ndilo wafadhili wa zama hizi watakalolipinga zaidi.