Kutoka kwa Bwana Msa hadi Baker Street

Nilimjua mpelelezi Bwana Msa kabla sijamsikia Sherlock Holmes, na nafurahi mambo yalitangulia hivyo. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyezaliwa 1918, ndiye aliyemuumba. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957/58, ikatoka kitabu mwaka 1960. Humo tunamkuta Msa na kiko chake, rafikiye Najum akistaajabu kila uchao. Kisima cha Giningi (1968) nilikirudia mpaka jalada likabanduka. Vitabu viliponiishia, nikaanza kumbunia Msa visa vingine kwenye madaftari ya shule.

Miaka baadaye nilipomsoma Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Holmes, nikaona wazi udugu wa Msa na Holmes: mpelelezi mwenye kiko, mwenzake mwenye kustaajabu, na jicho lisilopitwa na jambo. Wahakiki wamekwisha kuuonyesha ukoo huo. Kwangu mimi, Abdulla alikuwa shabiki aliyepita mashabiki wote. Alichokipenda hakukinakili, alikihamishia Unguja, penye mizimu, mali za urithi na siri za koo, kikaota mizizi yake.

Na mashabiki wa Holmes walikuwa na historia ndefu. Desemba 1893 Doyle alimuua shujaa wake kwenye maporomoko ya Reichenbach, Uswisi. Wasomaji wa jarida la The Strand walighadhibika, wengine wakamwandikia kumlaumu, na mwaka 1903 akamfufua. Wengine hawakungoja ruhusa ya mtunzi. Mwaka 1920 Vincent Starrett, mwandishi wa habari wa Chicago, alichapisha kisa chake mwenyewe cha Holmes, kuhusu nakala adimu ya Hamlet iliyopotea. Mwaka 1934 Christopher Morley akaanzisha New York chama cha Baker Street Irregulars, ambacho kingali hai.

Leo sheria haimzuii mtu kumwandika Holmes: hakimiliki ya visa vya mwisho ilikwisha Marekani tarehe 1 Januari 2023. Abdulla alifariki 1991, kwa hiyo Msa bado analindwa, na ni haki yake. Visa vyangu basi husomwa nyumbani tu. Mjukuu wangu aliviweka chini juzi akauliza, “Babu, mbona Najum hapewi fumbo alitegue peke yake?” Nimeshaandika sura tatu, na Msa yuko safarini Pemba.