Nani hulipia uchunguzi wa vitu visivyotambulika angani?

Anayeketi ufukweni mwa Ziwa Kivu mjini Gisenyi baada ya jua kuzama huona mianga ya kila namna. Wavuvi wa sambaza huwasha taa zao majini. Majukwaa ya kuvuna gesi ya methani humulika kwa mbali. Na upande wa kaskazini, kreta ya Nyiragongo inapokuwa na lava, mawingu yaliyo juu yake huwa mekundu. Siku hizi kuna pia satelaiti za Starlink, ambazo siku chache baada ya kurushwa hupita angani zikiwa zimejipanga mstari mmoja kama shanga. Karibu kila mwanga wa aina hiyo una maelezo yake. Kuyatafuta maelezo hayo, hata hivyo, ni kazi inayohitaji muda, vifaa na fedha, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya gharama za kazi hiyo duniani imebebwa na mashirika yasiyotafuta faida.

Chimbuko lake ni Marekani. Jeshi la Anga la nchi hiyo liliendesha mradi ulioitwa Blue Book, uliokusanya taarifa za watu walioona vitu wasivyoweza kuvitambua angani, ambavyo kwa kifupi huitwa UFO. Mradi ulipofungwa Desemba 1969, hesabu yake ilikuwa taarifa 12,618, na kati ya hizo 701 hazikupatiwa maelezo. Sababu kuu ya kuufunga ilikuwa ripoti ya Chuo Kikuu cha Colorado, chini ya mwanafizikia Edward Condon, iliyosema kwamba kuendelea na uchunguzi huo kusingeleta manufaa makubwa kwa sayansi.

Serikali ilipojitoa hadharani, raia walishika nafasi. MUFON ilianzishwa mwaka 1969, nayo huendeshwa kwa ada za wanachama na michango. Wachunguzi wake hujitolea baada ya kusoma mwongozo na kufanya mtihani. Mwaka 1973 mtaalamu wa nyota J. Allen Hynek, aliyewahi kuwa mshauri wa Blue Book, alianzisha kituo chake cha utafiti. Shirika la tatu, Mfuko wa Utafiti wa UFO, lilizaliwa mwaka 1979 chini ya uenyekiti wa Bruce Maccabee, mwanafizikia aliyeajiriwa na Jeshi la Majini. Hilo la tatu lilikuwa na sura ya pekee. Halikuwa na kikosi cha kukimbilia mahali mwanga ulipoonekana. Kazi yake ilikuwa kukusanya michango ya watu wa kawaida na kuigawa kwa watafiti kama ruzuku ndogondogo.

Ruzuku mbili za mfuko huo zinatosha kuonyesha uwezo na udhaifu wa mpango wa aina hiyo. Katika miaka ya 1980 mfuko uligharimia uchunguzi wa kisaikolojia wa watu tisa waliodai kuwa wamewahi kutekwa na viumbe wa anga. Mwanasaikolojia Elizabeth Slater aliwapima bila kuambiwa mapema madai yao yalikuwa nini. Hakuona ugonjwa mkubwa wa akili ambao ungeweza kueleza simulizi zao. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba walitekwa, na idadi ya watu tisa ni ndogo mno kwa hitimisho lolote pana. Hata hivyo kumficha mpimaji madai hayo ulikuwa utaratibu sahihi wa kisayansi, na bila mfadhili usingefanyika.

Ruzuku ya pili haikuwa na bahati hiyo. Mfuko ulimpa mwanafizikia Stanton Friedman dola 16,000 achunguze nyaraka zilizoitwa MJ-12, ambazo zilidai kuwapo kwa kamati ya siri ya serikali kuhusu vyombo vya anga. Friedman alizitetea. Idara ya upelelezi ya FBI ilikuwa imekwisha kusema kuwa ni bandia, na watafiti wengi wa UFO wenyewe wakafikia uamuzi huohuo. Fedha za wachangiaji zilikuwa zimetumika kufukuza karatasi.

Wahisani wakubwa nao walijitokeza. Tajiri Laurance Rockefeller alisaidia mkutano wa wanasayansi uliofanyika Pocantico, jimbo la New York, mwaka 1997 chini ya Peter Sturrock. Jopo halikuona ushahidi wa kuwapo kwa viumbe wenye akili kutoka nje ya dunia, lakini lilishauri kwamba baadhi ya matukio yenye ushahidi wa kupimika yachunguzwe. Rockefeller huyohuyo alifadhili kituo cha John Mack, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Harvard, na kwa njia hiyo suala hili likafika barani Afrika.

Tarehe 16 Septemba 1994, wanafunzi wapatao 62 wa shule ya Ariel mjini Ruwa, karibu na Harare nchini Zimbabwe, walisema wameona chombo kikitua nje ya uwanja wao, pamoja na kiumbe au viumbe waliovaa nguo nyeusi. Cynthia Hind, mwakilishi wa MUFON barani Afrika, aliwahi kufika na kuwataka watoto wachore walichokiona. Mack naye aliwahoji kabla ya mwaka kwisha. Wakosoaji wanakumbusha kwamba siku mbili kabla ya hapo mabaki ya roketi ya Urusi yaliwaka juu ya kusini mwa Afrika na kuzua gumzo kubwa, na kwamba watoto walipata nafasi ya kusikilizana kabla ya kuulizwa. Pingamizi hilo ni zito. Fedha ziliwafikisha wahojaji shuleni. Hazikumleta mtu asiye na msimamo ambaye angemhoji kila mtoto peke yake siku ileile.

Mwenye fedha huweza pia kuwa na haja zake. Mwaka 2009 MUFON iliingia mkataba na kampuni ya bilionea Robert Bigelow, iliyolipia wachunguzi wake wafike haraka kwenye matukio. Baadaye ilijulikana kuwa kampuni hiyo ilikuwa ikilipwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Wanachama waliokuwa wakijitolea wakidhani wanahudumia umma wakajikuta wakijiuliza taarifa zao ziliishia wapi.

Ufaransa ilichagua njia nyingine: tangu mwaka 1977 wakala wake wa anga, CNES, umekuwa na kitengo cha kupokea taarifa hizi kwa fedha za umma. Marekani ilirejea polepole, na mwaka 2023 jopo huru la shirika la anga za juu NASA lilitoa ripoti iliyosisitiza kuwa tatizo kubwa ni uhaba wa data bora. Wahisani hawajaondoka. Mradi wa Galileo, ulioanzishwa Harvard mwaka 2021 na Avi Loeb, huweka kamera na vipimo vyake wenyewe kwa michango ya watu binafsi.

Wakazi wa Rubavu wanajua gharama ya ufadhili unaokatika. Mwaka 2020 ufadhili wa Benki ya Dunia kwa kituo cha uchunguzi wa volkano mjini Goma ulifikia kikomo, na kwa miezi kadhaa kituo kilikosa intaneti ya kupokea taarifa za vipimo vyake. Huduma ilirejea muda mfupi tu kabla ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, na maelfu ya watu wakavuka mpaka usiku kuingia Gisenyi.

Kwa anayeona mwanga asioutambua, wachunguzi wa mashirika haya huuliza mambo yaleyale: saa kamili, upande wa dira, kimo juu ya upeo wa macho, muda ulioonekana, na kama ulisikika mlio. Picha ya simu huwa na thamani zaidi ikionyesha pia mlima, paa au mnara, kwa sababu bila kitu cha kulinganisha haiwezekani kukadiria umbali. Aliyekuwa pamoja na wengine hushauriwa aandike yake kwanza, kabla ya kuzungumza nao.