Surani, Azim

Azim Surani (alizaliwa Kisumu, Kenya, 1945) ni mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, anayechunguza jinsi jeni zinavyoongoza ukuaji wa kiinitete. Anajulikana zaidi kwa ugunduzi wa mwaka 1984 kwamba, kwa wanyama wanaonyonyesha, urithi wa mama hauwezi kushika nafasi ya urithi wa baba, wala wa baba nafasi ya wa mama. Kila mmoja huja na alama zake, na kiinitete kikikosa mmojawapo hakifiki kuzaliwa. Jina lake linastahili kutajwa katika madarasa ya biolojia ya Kisumu, Mwanza na Bukoba kama linavyotajwa Cambridge.

Kisumu alikozaliwa Surani ilikuwa mji wa bandari na reli. Reli ya Uganda ilifika ufukweni hapo mwaka 1901, na kutoka bandarini meli zilizunguka Ziwa Victoria hadi Musoma, Bukoba na Mwanza, ambako nako reli ya kutoka Tabora ilifika mwaka 1928. Familia nyingi za Kihindi zilifungua maduka katika miji hiyo yote ya ziwani, na wazazi wa Surani walikuwa wa asili hiyo ya Kihindi. Masomo ya juu aliyafanyia Uingereza, na mwaka 1975 akapata shahada ya uzamivu Cambridge chini ya Robert Edwards. Huyu ndiye Edwards aliyefanikiwa, pamoja na daktari Patrick Steptoe, kutungisha yai la binadamu nje ya mwili mpaka akazaliwa Louise Brown tarehe 25 Julai 1978, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Katika maabara ya mwalimu huyo Surani alijifunza kulishika yai na kiinitete bila kukiua, ustadi ambao bila huo yaliyofuata yasingewezekana.

Baadaye alihamia taasisi ya utafiti wa mifugo iliyoko Babraham, kijiji kilicho nje kidogo ya Cambridge. Huko alikutana na fumbo lililokuwa limewasumbua wengi. Yai la panya linaweza kuamshwa bila dume. Likiguswa na kemikali fulani, hata ethanoli, huanza kugawanyika kana kwamba limeingiwa na mbegu, na likiwezeshwa kubaki na seti mbili za kromosomu za mama hukua, hujipachika kwenye mji wa mimba, hata moyo ukaanza kupiga. Kisha hufa, karibu na katikati ya mimba ya panya, ambayo kwa kawaida huchukua siku 19 au 20. Kwa nini, wakati idadi ya jeni imetimia?

Wakati ule yalikuwapo majibu mawili. La kwanza lilisema kasoro iko kwenye ute wa yai: mbegu ya dume huleta kitu kingine zaidi ya jeni, na yai lililoamshwa kwa kemikali limekikosa. La pili lilisema kwamba kiinitete cha namna hiyo hurithi jeni mbovu mara mbili kutoka kwa mzazi mmoja, bila nakala nzima ya kuisitiri. Yote mawili yalikuwa na mantiki, na yote mawili yangeweza kupimwa.

Kipimo chenyewe kilihitaji mkono mtulivu kuliko kawaida. Saa chache baada ya mbegu kuingia, viini viwili huonekana kwa darubini ndani ya yai, vimeviringana na bado havijaungana: cha baba kikubwa kidogo, cha mama kidogo na karibu na ukingo. Kwa mrija wa kioo mwembamba kuliko unywele, mtafiti hukifyonza kiini kimoja pamoja na kipande cha utando, akakipenyeza chini ya ganda la yai jingine, na kutumia virusi vilivyouawa kuufanya utando uungane. Mbinu hii ya kuhamisha viini iliandikwa mwaka 1983 na James McGrath na Davor Solter wa Philadelphia, Marekani. Surani, pamoja na Sheila Barton na M. L. Norris, aliitumia kuuliza swali lake waziwazi. Walichukua mayai yaliyoamshwa bila dume, yenye seti moja tu ya kromosomu za mama. Mengine wakayatilia kiini cha baba, mengine kiini cha pili cha mama kutoka kwa panya mwingine.

Yaliyotiliwa kiini cha baba yalizaa panya wazima. Basi ute wa yai haukuwa na kasoro. Yaliyotiliwa kiini cha pili cha mama yalikufa, ingawa sasa jeni zilitoka kwa majike wawili tofauti. Basi tatizo halikuwa kurudufishwa kwa jeni mbovu. Majibu yote mawili yalianguka kwa jaribio moja. Lililobaki ni kwamba jeni zilezile, zenye herufi zilezile, hubeba kumbukumbu ya mwili zilikopitia, ovari au korodani. Makala yao yalitoka katika jarida la *Nature* mwaka 1984. Mwaka huohuo McGrath na Solter nao walichapa katika *Cell* matokeo yaliyofikia hitimisho hilohilo kwa njia yao, na haki inataka majina ya pande zote mbili yatajwe pamoja.

Kundi la Babraham likageuza jaribio: viini viwili vya baba, bila cha mama. Hapo ndipo jambo lilipopendeza zaidi. Viinitete vya mama tupu vilikuwa na mwili uliojengeka vizuri kwa umri wake, lakini utando na kondo la nyuma vilidumaa. Vya baba tupu vilikuwa kinyume: tishu za kondo zilistawi, na kiinitete chenyewe kikawa duni, pengine hakionekani kabisa.

Hili si jambo la panya peke yao. Katika wodi za wazazi, hospitali ya Bugando jijini Mwanza kama kwingineko, wakunga na madaktari wanaijua mimba zabibu: mwanamke ana dalili zote za ujauzito, tumbo linakua upesi kupita kiasi, lakini ndani hamna mtoto, bali vijifuko vya maji vilivyoshikana kama kichala cha zabibu. Katika mimba zabibu kamili, kromosomu zote zimetoka kwa baba, kwa sababu yai lilipoteza za kwake. Ni tishu ya kondo iliyoachwa ikue bila kizuizi, na kwa baadhi ya wanawake hugeuka saratani, ndiyo maana mgonjwa husisitizwa kurudi kupimwa homoni kwa miezi kadhaa hata baada ya kusafishwa. Upande wa pili kuna ule uvimbe wa ovari unaokutwa na nywele, mafuta na hata meno ndani yake. Huo hutokana na yai lililoanza kukua lenyewe, lenye urithi wa mama tupu, na hauna kondo. Mwanamke aliyepatwa na lolote kati ya hayo hakutenda kosa lolote wala hakurogwa. Jaribio la 1984 liliwapa madaktari namna ya kumweleza hivyo kwa uhakika.

Samaki wa ziwani hawafungwi na sheria hii ya kuhitaji urithi wa mama na wa baba. Sato mwenye urithi wa mama tupu, au wa baba tupu, amekwisha kutengenezwa katika maabara. Mbegu ya dume huharibiwa urithi wake kwa mnururisho, hutumiwa kuliamsha yai tu, na mshtuko wa joto au shinikizo hulifanya yai libaki na seti mbili za mama. Wengi wao hufa wakiwa wachanga, lakini wanaopona huogelea, hula na kukua. Tofauti iko kwenye namna ya kulea mimba. Sato na furu jike huatamia mayai kinywani, lakini chakula cha mtoto kimeshawekwa chote ndani ya yai kabla ya dume kuhusika. Mtoto wa mnyama anayenyonyesha hukaa tumboni akimnyonya mama kwa njia ya kondo siku hadi siku, na kiasi atakachochukua bado hakijaamuliwa. Mwanabiolojia David Haig ametoa hoja kwamba hapo maslahi ya wazazi huachana: jeni za baba hufaidika mtoto huyu akichukua zaidi, na jeni za mama hufaidika akibakiza nguvu za mimba zijazo. Hoja hiyo ilipata uzito mwaka 1991 zilipotambuliwa jeni za kwanza za aina hii. Igf2, inayosukuma ukuaji, hufanya kazi kwenye nakala ya baba. Igf2r, inayoiondoa protini ya Igf2, kwa panya hufanya kazi kwenye nakala ya mama. Surani mwenyewe hushughulika na utaratibu wa alama zaidi ya sababu zake za kale, lakini hoja ya Haig ndiyo inayoeleza vyema matokeo yake ya kondo.

   

Alama zenyewe ni nini? Mwaka 1987 Surani na wenzake, akiwamo Wolf Reik, walionyesha kwamba kipande kilekile cha DNA kwa panya hubandikwa vikundi vya methili au hakibandikwi kulingana na mzazi aliyekirithisha, na kwamba kikipita kwa mzazi wa jinsia nyingine alama hubadilika. Herufi za urithi hazikuguswa. Leo zinajulikana jeni zipatazo mia moja hivi zenye tabia hii, na hitilafu zake ndizo zinazosababisha magonjwa ya kuzaliwa nayo kama ya Prader-Willi na Angelman: sehemu ileile ya kromosomu ya 15 ikipotea upande wa baba mtoto hupata ugonjwa mmoja, ikipotea upande wa mama hupata mwingine tofauti kabisa. Jeni nyingine ambayo kundi la Surani liliichunguza ni Peg3, inayosomwa kwenye nakala ya baba tu. Mwaka 1999 waliripoti kwamba panya jike asiyekuwa nayo hukawia kujenga kiota, hukawia kukusanya watoto na hutoa maziwa kwa shida, yaani malezi ya mama yanategemea nakala aliyopewa na baba yake. Uchunguzi wa baadaye kwa panya wa aina nyingine haukukuta athari kubwa kiasi hicho.

Mapema miaka ya 1990 Surani alirudi mjini Cambridge kama profesa katika taasisi ambayo sasa inaitwa kwa jina la mwanabiolojia John Gurdon. Swali lake lilisogea hatua moja nyuma. Kama kila mtu hubeba alama za baba na za mama, mwanamke anawezaje kutoa yai lenye alama za mama tupu? Lazima za zamani zifutwe mahali fulani. Zinafutwa katika seli za uzazi, mtoto mwenyewe akiwa bado kiinitete. Kwa panya, kwenye siku ya saba hivi, seli zipatazo 40 hutengwa na mwili wote, na siku chache baadaye karibu alama zote za methili huondolewa ndani yake. Kuzisoma seli chache hivyo kulihitaji mbinu za kushughulikia seli moja moja. Kwa njia hiyo, mwaka 2002, Mitinori Saitou akiwa na Surani na Barton walieleza jeni za mwanzo zinazozitambulisha seli hizo, na mwaka 2005 ikathibitika kwamba Blimp1 ndiyo inayozitenga. Mwaka 2009 Fuchou Tang wa maabara hiyohiyo alifaulu kusoma ujumbe wa jeni zote za seli moja ya panya kwa mashine za kisasa, na mbinu hiyo imeenea duniani kote. Mwaka 2015, pamoja na kundi la Jacob Hanna wa Israeli, walitengeneza maabarani seli changa za uzazi za binadamu na kukuta zinaanzishwa na SOX17, jeni ambayo kwa panya haina kazi hiyo. Miaka mingi ya kumsoma panya haikuwa imetosha kumjua binadamu.

Surani alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, mwaka 1990, akapewa Nishani ya Kifalme ya chama hicho mwaka 2010, na mwaka 2018 alishirikiana na Solter katika Tuzo ya Gairdner ya Canada.

Wanafunzi wake wameendelea mbele zaidi. Katsuhiko Hayashi, aliyefanya kazi Cambridge kabla ya kurudi Japani, aliripoti mwaka 2023 kwamba ametengeneza mayai kutokana na seli za panya dume, akayatungisha kwa mbegu ya dume mwingine, na kati ya viinitete 630 vilivyopandikizwa wakazaliwa panya saba wenye baba wawili. Viini viwili vya baba vilishindwa Babraham mwaka 1984 kwa sababu vyote vilikuwa na alama za korodani. Hawa saba walifaulu kwa sababu seli za baba mmoja zilipitishwa kwanza katika njia ya yai, zikafutwa alama na kuandikwa upya kama za mama.