Mgawo wa Enkai: Hadithi za Ndugu na Riziki katika Bonde la Ufa

Kabla reli haijafika Nakuru mwaka 1900, nyanda zilizo baina ya ziwa na miinuko ya Mau zilikuwa malisho ya Wamaasai, na misitu iliyo juu yake ilikuwa makao ya Waogiek, wawindaji na warina asali ambao majirani zao wafugaji waliwaita Wadorobo. Nao wafugaji hao, jioni walipokaa na watoto wao, walikuwa na hadithi za kueleza kwa nini Mola, waliyemwita Enkai, aliwaruzuku wao ng'ombe na wale akawanyima.

Mojawapo iliandikwa na A. C. Hollis, ofisa wa Kiingereza, katika kitabu alichokitoa mwaka 1905. Twaambiwa humo ya kuwa mwanzo wa dunia Mdorobo, ndovu na nyoka walikaa pamoja kama watu wa nyumba moja, na mwenye ng'ombe alikuwa Mdorobo. Nyoka akauawa kwa kuwa pumzi yake ilimwasha mwenziwe mwili, na ndovu akauawa kwa kuwa aliyachafua maji ya ng'ombe. Ndipo mwana wa ndovu, aliyebaki yatima, alipokimbia hata akakutana na Mmaasai, jina lake Le-eyo, akamsimulia yaliyotokea. Le-eyo akaenda, akasikia kwa siri Mdorobo akiagizwa na Enkai afike alfajiri, naye akamtangulia. Na ng'ombe wakateremshwa kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi, mpaka Mdorobo alipowaona akapiga ukelele wa mshangao, na neema ikakoma. Wasimulizi wengine husema kuwa aliukata ukanda ule kwa mshale, kwa husuda.

Wanandi nao, kama alivyoandika Hollis mwaka 1909, walimweka radi mahali pa nyoka: radi alimwogopa binadamu kwa kuwa aliweza kujigeuza ubavu pasipo kuinuka, akakimbilia juu mbinguni, ndovu akamcheka kwa woga wake, na baadaye akafa kwa mshale wenye sumu. Tena Wamaasai wanayo hadithi nyingine, ya Enkai aliyewagawia wanawe watatu upinde, jembe na fimbo ya kuchungia, ambayo ni ya insafu zaidi, kwa maana hakuna mwana aliyeondoka mikono mitupu, ijapokuwa fimbo ilimwangukia babu yake msimulizi mwenyewe.

Merker, Mjerumani aliyeandika juu ya Wamaasai mwaka 1904, aliona mambo yao yafanana mno na habari za Taurati, akadhani kuwa ni watu wa asili moja na Waebrania wa kale. Mfanano upo, lakini sababu yake haihitaji nasaba. Esau alikuwa mwindaji, na ndugu yake Yaakub akamtangulia kwa baba yao kwa hila, akapata baraka. Na waliotusimulia ni kizazi cha Yaakub, kama vile waliotusimulia habari za ukanda ni kizazi cha Le-eyo. Mzazi hakosi insafu katika kisa kinachohadithiwa na mwana aliyepewa fungu kubwa, na aliyekosa huonekana ama mzembe ama hasidi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na akimjua humtafutia kosa.

Hata hivyo desturi ilikuwa na huruma kuliko hadithi. Mmaasai hakuweza kutimiza sherehe zake pasipo pombe ya asali, na asali ilikuwa mizingani mwa Waogiek. Basi asali ikateremka nyandani, mifugo ikapanda msituni, na yule aliyesemwa kuwa amelaaniwa akawa ndiye atafutwaye siku ya furaha.

Kisha akaja mgawaji mwingine. Mwaka 1903 Lord Delamere alipewa na Serikali ya Kiingereza ardhi kubwa huko Njoro, na mwaka uliofuata Wamaasai wakaondolewa katika nyanda za Nakuru na Naivasha, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini, kwa mkataba ulioahidi kudumu muda wote watakapokuwapo. Ukadumu miaka 7, kwani mwaka 1911 walitakiwa waihame na Laikipia, na walipoishitaki Serikali mahakamani, mwaka 1913, kesi yao ikatupwa. Wana wa Le-eyo wakaonja kuwa ndugu aliyetanguliwa alfajiri, na walowezi nao wakawa na kisa chao, cha nchi tupu iliyokuwa ikingoja watu wenye bidii.

Waogiek waliendelea kufukuzwa Mau hata baada ya uhuru, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikahukumu tarehe 26 Mei 2017 kuwa Kenya imevunja haki zao, mojawapo ikiwa haki ya kufaidi wingi wa chakula kitokacho katika ardhi ya wazee wao. Hukumu hiyo yafaa isomwe pamoja na hadithi ya ukanda, si kwa sababu yaifuta, bali kwa sababu ndani yake Mdorobo ameulizwa, naye akajibu kwa jina lake mwenyewe. Na mtu apimaye insafu ya mgawo wowote, uwe wa Mungu, wa baba au wa serikali, hana budi kuanza kwa yule aliyekosa.